Piko, Wanja na Dawa ya Nywele: Sumu Iliyo Karibu na Mtoto

  Popote ulipo, iwe ni Ukunda, Msambweni, Vanga, Lungalunga, Kinango au Matuga, vuta kiti. Kama una ugali jikoni, punguza moto kidogo tusikizane.

Katika mikutano ya akina mama huwa nauliza swali moja: nyumbani kwako kuna sumu gani? Majibu ni yale yale. Mafuta taa. Dawa ya panya. Dawa ya kunyunyizia mimea. Jik. Vitu hivi mnavijua, na nyumba nyingi siku hizi huviweka juu. Lakini nikiomba nioneshwe sanduku la vipodozi, naletewa kutoka sakafuni, na mara nyingine mtoto yuko papo hapo anachezea kifuniko cha chupa. Ndani mna piko, wanja, dawa ya kulainisha nywele, rangi ya kucha na maji ya kuitolea, manukato, poda na mafuta. Hakuna anayeviita sumu, kwa sababu tunavipaka mwilini. Tunasema, kama kingekuwa kibaya kisingeuzwa dukani.

Leo nataka tulifungue sanduku hilo pamoja. Sehemu kubwa ya muda wetu nitaipa piko, maana ndiyo inayonitisha zaidi, na ndiyo tunayoitilia shaka kidogo kuliko zote.

Kwanza tutenganishe hina na piko, kwa sababu watu wengi huzichanganya. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake una rangi ya kijani, na ukiupaka unahitaji subira ya saa kadhaa. Rangi yake huanza kama chungwa, kisha baada ya siku moja au mbili hukolea ikawa nyekundu nzito au kahawia. Piko ni kitu kingine kabisa. Ni rangi ya kemikali iliyotengenezwa kwa ajili ya kutia nywele weusi. Kemikali yake kubwa huitwa parafenilinidiamini. Kwenye pakiti utaikuta kwa herufi tatu, PPD, au kwa jina refu linaloandikwa p-phenylenediamine. Ukipakwa maua mkononi yakawa meusi tititi ndani ya saa moja, hiyo si hina tupu, hata kama mpakaji anaiita hina nyeusi. Majani ya mhina hayatoi rangi nyeusi.

Sasa sikiza kinachotokea mtoto akinywa piko.

Kwa muda mfupi anaweza kuonekana hana neno. Pengine atatapika. Ndani ya saa chache uso unaanza kuvimba, midomo inavimba, ulimi unakuwa mzito na mgumu, shingo inajaa mpaka huoni kidevu kilipoishia. Sauti inakwaruza. Anapumua kwa mkoromo ilhali yu macho. Mate yanamtiririka kwa sababu hawezi kuyameza. Njia ya hewa ya mtoto wa miaka miwili ni nyembamba, haizidi sana mrija wa kunywea soda, na uvimbe kidogo tu unatosha kuiziba. Hapo ndipo wengi hufa.

Anayevuka hatua hiyo bado hajapona. Sumu hii huvunja misuli ya mwili. Mtoto analia ukimgusa mapaja, mikono na miguu inakakamaa. Mabaki ya misuli iliyovunjika yanaingia katika damu na kuziba figo. Utaona mkojo umegeuka rangi ya kahawia kama chai nzito, kisha unapungua, kisha haupo. Moyo nao ni msuli, nao unaweza kudhurika.

Hakuna dawa maalumu ya kuikata sumu ya piko. Kazi ya hospitali ni kulinda njia ya hewa, na ikibidi daktari hutoboa tundu dogo kooni ili mtoto apumue. Anatiwa maji mengi kwa mshipa ili figo zisafishike, na zikishindwa kabisa damu husafishwa kwa njia nyingine mpaka zizinduke. Yote haya yanawezekana, na watoto hupona, lakini mtoto awe amefika mapema.

Pengine unasema moyoni, nesi huyu anatutisha. Nitakupa mfano wa wenzetu wa Sudan. Kule wanawake wanapenda hina kama sisi, na wana desturi ya kuichanganya na kemikali hii ili ikolee iwe nyeusi. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa ya watoto 31 waliopata sumu ya mchanganyiko huo. Kati yao watoto 13 walifariki, na wote walifariki ndani ya saa 24. Hesabu hiyo si ya kijiji kisicho na daktari. Khartoum ni mji mkuu, na watoto hao walikuwa wamefikishwa hospitalini.

Je, hapa kwetu mtoto anaipataje piko? Mnajua jinsi nyumba inavyokuwa siku ya kupaka hina bibi harusi, au usiku wa kuamkia Idd. Wageni wamejaa, mkeka umetandikwa, ngoma inalia, kila mwanamke anataka apakwe. Piko imekorogwa kwenye kikombe au bakuli la jikoni, na imewekwa chini kwa sababu mpakaji naye ameketi chini. Iliyobaki haitupwi, maana imenunuliwa kwa pesa. Inamiminwa ndani ya chupa ya soda na kusukumwa chini ya kitanda. Asubuhi mama amechoka, amelala. Mtoto wa miaka miwili ameamka ana kiu, anatambaa na kuiona chupa. Yeye haoni piko. Anaona soda, au kahawa ya babu.

Basi yapo mambo machache ninayoomba yawe desturi katika harusi zetu. Piko ikorogwe kidogo kidogo, ile itakayotumika tu. Ikorogwe kwenye chombo kisicho cha kulia wala kunywea. Iliyobaki imwagwe chooni saa ile ile, na chombo kioshwe kabla watu hawajaondoka. Pakiti ambayo haijafunguliwa iwe ndani ya mfuko, mfuko utundikwe kwenye msumari juu ya mlango. Na kama vile harusi ina somo wa bibi harusi, ina wapishi na ina wapokea wageni, iwe pia na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake usiku ule ni watoto tu. Nasema mtu mzima. Msichana wa miaka tisa hawezi kazi hiyo, naye anataka kupakwa hina.

Wala hatari ya piko si kuinywa peke yake. Kuna ngozi. Kila baada ya sikukuu tunaona watoto wenye malengelenge yaliyofuata mchoro wa ua barabara, kama mtu aliyechorwa kwa moto. Mara nyingine hutokea siku chache baada ya kupakwa, na ndiyo maana mama hafikirii piko, anafikiri ni wadudu au ni husuda ya mtu. Ngozi ikishaikataa piko mara moja, huikataa maisha yote. Msichana aliyebabuka akiwa na miaka saba anaweza kuvimba uso mzima akiwa na miaka thelathini, siku atakayotia nywele rangi saluni.

Hata wageni wanaokuja Diani hupakwa maua meusi ufukoni, kisha wakafika kwao na vidonda. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kemikali hii katika rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Piko inayouzwa kwa kipimo cha kijiko au katika pakiti isiyo na maandishi haijulikani ina kiasi gani. Kwa hiyo mtoto asipakwe piko mahali popote mwilini. Mtu mzima akitaka kutia nywele zake weusi, afuate maandishi ya pakiti na avae glavu. Maua ya mikono yapakwe kwa hina. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuambiwa tuache kujipamba, na mimi siwaambii hivyo. Napenda hina mno.

Lakini kuhusu hina yenyewe kuna jambo moja, nalo ni la mtoto mchanga. Katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu, wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kitu katika damu kinachoitwa G6PD. Kazi yake ni kulinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu huo, na mara nyingi ni mtoto wa kiume, anaweza kuishi miaka bila kujua. Vitu fulani vikimwingia ndipo chembe zake hupasuka kwa wingi, na hina ni kimojawapo, hata ikipakwa juu ya ngozi tu. Tangu mwaka 1996 madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za watoto wachanga waliopakwa hina, kisha damu ikapungua ghafla na macho yakageuka manjano. Ukiona mtoto aliyepakwa hina macho yake yamekuwa ya manjano, viganja vimepauka au mkojo umekuwa mweusi, usingoje jua la asubuhi limwondolee manjano. Mpeleke hospitali na useme kwamba alipakwa hina. Ni afadhali mtoto asipakwe kabisa katika miezi yake ya kwanza. Arobaini yake itasherehekewa tu bila hina.

Sasa wanja. Hapa nawaomba nyanya zangu radhi kabla sijasema, kwa maana wao ndio walinzi wa desturi hii. Mtoto hupakwa wanja kwenye nyusi na machoni ili macho yawe makubwa na mazuri, au huwekwa doa usoni ili asipatwe na jicho la watu. Nia ni njema. Tatizo liko katika kile kilicho ndani ya kichupa. Wanja wa asili wa jiwe, ule unaosagwa na kuletwa kutoka Uarabuni, Bara Hindi na kwingineko, mara nyingi hutokana na madini ya risasi. Risasi hii siyo ya bunduki, ni chuma kile kizito cha ndani ya betri za gari.

Mnakumbuka habari za kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ile ilikuwa risasi. Wanja wa machoni ni kiasi kidogo, sisemi nyumba yako ni sawa na kiwanda. Lakini mtoto anajifuta macho kwa vidole, kisha vidole vinaingia kinywani, kila siku, kwa miezi. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sumu hii haipigi kelele. Mtoto havimbi, hapati homa. Anapungukiwa damu, tumbo linamsokota, choo kinakuwa kigumu, anakuwa mwepesi wa hasira. Akienda shule hashiki masomo, na mwalimu anasema ni mvivu. Kwa macho huwezi kutofautisha wanja wenye risasi na usiokuwa nayo. Mimi siwezi, na muuzaji hawezi. Kwa hiyo usimpake mtoto. Kama nyanya hana amani mpaka mtoto awe na alama, basi alama iwekwe kwenye nguo yake, ishonwe kwa uzi mweusi upande wa ndani. Nimeona familia zikikubaliana hivyo na nyumba ikatulia.

Cream za kujichubua, ile mikorogo, nitazipitia upesi kwa kuwa si mara ya kwanza kusikia habari zake. Zilizo na zebaki ndizo mbaya zaidi kwa mama mjamzito na anayenyonyesha. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia katika damu, ikafika kwa mtoto tumboni, na hupita pia katika maziwa. Mtoto anayelala kifuani mwako usiku anaipata kwa kugusa. Inaharibu figo na ubongo. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni tangu mwaka 1998, na mwishoni mwa 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe kufikia mwaka 2025. Pamoja na hayo bado vinapatikana mitaani. Tafuta kwenye kibandiko maneno mercury au calomel. Na kama kikopo hakina kibandiko, au kimeandikwa lugha usiyoisoma, kirudishe.

Tuingie kwenye nywele. Akina mama wengi hufanya saluni barazani, na ni kazi ya halali inayolipa ada za shule. Ila dawa ya kulainisha nywele ni kali. Kama huamini, kumbuka inavyochoma kichwa ikikaa zaidi ya muda wake. Kichwa kina ngozi ngumu, lakini ulimi wa mtoto hauna kinga hiyo. Kidole kimoja kilichochovywa kwenye kopo na kutiwa kinywani kinaweza kuchoma midomo na koo, na akimeza, kovu linaweza kuziba njia ya chakula baadaye. Kopo lifungwe kila unapochota, hata kama unajua utachota tena baada ya dakika mbili. Watoto hawahitaji zaidi ya dakika hizo mbili.

Manukato, maji ya kutolea rangi ya kucha, na sanitaiza ambayo tangu korona ya mwaka 2020 imebaki katika nyumba nyingi, hivi vina spiriti au asetoni. Mtoto mdogo akinywa spiriti sukari yake ya damu hushuka, anasinzia, analegea, anaweza kupata degedege. Mama akimwona amelala anafurahi amepata nafasi ya kufua. Na kuna sanitaiza za kienyeji zilizochanganywa na methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo hupofusha macho.

Mafuta mepesi ya kupaka mtoto, yale yanayotiririka kama maji, yakinywewa hayadhuru sana tumboni. Hatari ni yakiteleza kwenye mapafu, kama mafuta taa yanavyofanya, na mtoto akaanza kukohoa na kuhema. Poda ya mtoto nayo, akijimwagia usoni, huingia mapafuni. Usimpe kopo la poda achezee wakati unambadilisha nepi. Mafuta ya kafuri na mafuta ya karafuu tunayosugulia kifua na fizi ni makali kwa mtoto mdogo. Kafuri ikimezwa inaweza kuleta degedege ndani ya dakika chache, na mafuta ya karafuu huharibu ini.

Basi ikitokea ajali ufanye nini? Hapa nakuomba uache kila kitu unisikilize.

Mtoe mtoto kilichobaki kinywani kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa safi. Kama ameweza kusukutua, asukutue na kutema. Kisha usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, usimpe maji ya sabuni. Dawa ya nywele iliyochoma koo ikienda chini italichoma tena ikirudi juu. Mafuta yakitapikwa huingia mapafuni. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumwua mtoto.

Maziwa je? Hili huulizwa kila mahali, maana wengi tulilelewa tukiambiwa maziwa hukata sumu. Hayakati. Yanajaza tumbo na kumfanya atapike, na mbaya zaidi, yanampa mama matumaini akaketi nyumbani kungoja. Madafu, mafuta ya nazi, mkaa wa jikoni na ndimu, jibu ni hilo hilo.

Sumu ikiingia jichoni, mlaze mtoto ubavu na ummiminie maji safi yasiyo moto jichoni pole pole kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kwa mtoto anayelia. Mshikaji awe mmoja na mmiminaji mwingine. Ikiwa kwenye ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi. Akiwa amezimia au ana degedege, mlaze ubavu ili matapishi yasimrudie, wala usimtie kitu kinywani.

Kisha nenda hospitali na pakiti au chupa yenyewe mkononi, hata kama imebaki tupu. Kumbuka saa aliyokunywa. Muuguzi akiona pakiti anajua aanzie wapi, na neno PPD likitajwa mlangoni mtoto hawezi kuwekwa kwenye foleni ya kikohozi. Sema waziwazi kuwa ni piko. Wengine huona haya, au wanaogopa mume au mama mkwe, wakasema mtoto ameumwa na mdudu. Uvimbe wa mdudu na uvimbe wa piko haviangaliwi kwa njia moja.

Kwa piko nasisitiza: usingoje uvimbe. Ukiwa umethibitisha kwamba ameinywa, au hata unashuku tu kwa sababu ulimi na midomo ni myeusi, ondoka saa ile. Watu wa huku kusini tuna hesabu ya njia. Kutoka Vanga au ndani ya Kinango hadi Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au hospitali ya Kwale si hatua mbili, na akihitaji kupelekwa Coast General mjini Mombasa kuna feri ya Likoni mbele yenu. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inawawezesha madereva kuikwepa feri, lakini mwendo ni mwendo. Kama zahanati ndiyo iliyo karibu, anza hapo, wamwangalie anavyopumua na waite gari la wagonjwa. Bodaboda ikiwa ndiyo usafiri pekee, mama akae nyuma amemshika mtoto wima, asimlaze kifudifudi begani, ili aone uso wake njia nzima. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako apige simu mbele, wakupokee wakijua unakuja na nini.

Ukifika, tarajia kwamba mtoto atawekwa aangaliwe hata kama anacheza. Usikubali maneno ya jamaa kwamba amepona mrudi nyumbani kwa sababu harusi haijaisha. Na akiruhusiwa, endelea kuangalia mkojo wake kwa siku kadhaa. Ukiwa wa rangi ya chai, rudi.

Kuna swali lililoletwa na mama mmoja wa Lungalunga nami nimalizie nalo. Anauliza: makopo ya dawa ya nywele yakiisha ni imara na yana vifuniko vizuri, je, yakioshwa kwa maji moto yanaweza kutiwa chumvi au unga wa uji wa mtoto? Hapana, mama. Dawa huganda kwenye mikunjo ya kifuniko ambako mkono haufiki. Na hata likitakata kabisa, umemfundisha mtoto kwamba kopo lenye picha ile lina chakula, na kesho atalikuta jipya barazani limejaa dawa. Litoboe na ulitupe shimoni. Chumvi itie kwenye chupa ya jemu.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuharisha wakati wa mvua za masika na namna ya kukoroga maji ya ORS nyumbani. Kwaherini.